Pikipiki Moja, Kazi ya Watu Wawili: Kisa cha Mume na Mke Wanaopeleka Mizigo Kisumu

Kisa ninachokichambua hapa ni cha mume na mke wanaoishi Manyatta, jijini Kisumu, ambao riziki yao yote hutokana na pikipiki moja aina ya Boxer na simu mbili. Mume huiendesha pikipiki. Mke hupokea oda, hupanga mizigo, huwapigia wateja na kuweka hesabu. Machoni pa majirani, na kwa muda mrefu machoni pao wenyewe, hii ilikuwa kazi ya mwanamume mmoja mwenye mke wa kumsaidia. Waliniletea daftari lao baada ya kugombana kwa sababu ya kifurushi kimoja kilichorudi bila kupokelewa, wakitaka niwapimie ni nani kati yao aliyeleta hasara. Baada ya kulisoma daftari hilo ukurasa kwa ukurasa, maoni yangu ni kwamba hasara haikuletwa na yeyote kati yao. Ililetwa na bei waliyokuwa wakiwatoza wauzaji, bei iliyolipia mwendo wa pikipiki peke yake na kuiacha kazi ya mke ifanyike bure.

Ili kisa kieleweke, ni vyema kwanza tutazame jinsi mizigo inavyosafiri. Biashara nyingi ya nguo, viatu, vipodozi na vyombo vya nyumbani Kisumu siku hizi hufanyika kwa picha zinazowekwa WhatsApp, Facebook na TikTok. Muuzaji mara nyingi hana duka. Bidhaa zake ziko chumbani kwake Migosi, au ziko Nairobi, umbali wa kilomita zipatazo 350, na hutumwa jioni kwa basi la usiku ili zifike Kisumu alfajiri. Kuanzia kwenye ofisi ya mabasi hadi mlangoni pa mnunuzi, lazima awepo mtu wa kati, na huyo ndiye mhudumu wa bodaboda. Magharibi mwa Kenya ilikuwa na bodaboda za baiskeli miaka mingi kabla ya pikipiki kuenea, na Kisumu ilijulikana kwa hizo baiskeli. Mambo mawili yaliyofuatana kwa karibu ndiyo yaliyoifungua kazi ya leo: M-Pesa ilianzishwa Machi 2007, na mwaka 2008 serikali ikaondoa kodi ya VAT kwa pikipiki zenye injini ndogo ya chini ya cc 250. Tangu hapo watu wawili wasiojuana wameweza kuuziana, mmoja akiwa Kondele hapa Kisumu na mwenzake katika soko la Gikomba jijini Nairobi, kwa kuwa pikipiki hubeba bidhaa na simu hubeba fedha.

Kuna kipengele kingine ambacho wageni wa jiji hukisahau. Anwani ya posta ya Kisumu, yaani sanduku la posta na msimbo wa 40100, haimfikishi mtu mlangoni pa mwenzake. Katika mitaa kama Manyatta, Nyalenda na Obunga watu hawaelekezani kwa namba za nyumba; huelekezana kwa kanisa, kinu cha kusagia mahindi, kisima, mwembe, au kibanda cha M-Pesa. Vibanda hivyo vya kijani viko karibu kila kona, kwa hiyo mtu akisema “karibu na M-Pesa” hajamwelekeza mwenzake popote. Ramani ya simu humfikisha mwendeshaji hadi kwenye kundi la nyumba, kisha humwachia vichochoro. Hatua mia mbili za mwisho hupatikana kwa mazungumzo. Mazungumzo hayo yana kuuliza, kukumbuka na kuvumilia, na mtu anayeshika usukani hawezi kuyafanya bila kusimama kando ya barabara kila mara.

Siku yao huanza kabla ya jua kuchomoza. Mke huamka na kusoma ujumbe ulioingia usiku, kisha huandika kwenye daftari jina la muuzaji, namba ya mpokeaji, mtaa, kiasi cha fedha kinachopaswa kukusanywa, na ni nani atakayelipia upelekaji, kwani baadhi ya wauzaji huwaachia wanunuzi gharama hiyo. Wakati huohuo, hadi walipoiacha biashara hiyo, mume alikuwa akiteremka hadi ufuo wa Dunga kuchukua samaki, ngege na wakati mwingine mbuta, kwa ajili ya wateja wachache wa Milimani na hoteli mbili ndogo. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, samaki hawafungwi tena kwa mifuko ile ya zamani. Mume alitumia ndoo yenye kifuniko na barafu, na ndoo hiyo ilibidi ioshwe kwa sabuni kabla ya mzigo mwingine wowote kupakiwa. Watoto wakishakwenda shuleni, mke hupanda matatu hadi mjini, ambako wamekodi kona katika duka la fundi cherehani karibu na soko la Jubilee. Hapo ndipo vifurushi kutoka kwenye mabasi hufikishwa na kupangwa.

Upangaji huu ndio kiini cha kazi yao, na ninaona inafaa tuutazame kwa makini. Mke hugawa mizigo kwa njia kuu za jiji: ya Milimani, Nyalenda na Dunga upande wa kusini, ya Kondele, Migosi na Mamboleo kwenye barabara ya Kakamega, ya Nyamasaria kwenye barabara ya Nairobi, na ya Bandani, Otonglo na Kisian kwenye barabara ya Busia. Akimaliza kugawa, huanza kupiga simu, na simu hizo hufuata utaratibu alioujenga mwenyewe bila kufundishwa na mtu. Humwuliza mpokeaji kama yuko nyumbani sasa na kama atakuwepo baadaye, kwa kuwa hayo ni maswali mawili tofauti. Humwuliza atalipa kwa namba ipi, na ni nani atakayepokea endapo ataitwa kazini. Humwuliza kuhusu alama iliyo karibu na mlango, kisha humtaka ataje alama ya pili, kwa sababu ya kwanza mara nyingi hukosa maana kwa asiyeujua mtaa. Majibu yote huandikwa kwa kalamu kwenye karatasi inayobandikwa juu ya kifurushi, na vifurushi huingizwa kwenye boksi la pikipiki kinyumenyume, cha kushushwa mwisho kikitangulia chini.

Mume anapoondoka, kazi ya mke haikomi. Pikipiki ikiwa kwa mteja wa kwanza, mke huwa anampigia wa pili ili atoke hadi kwenye lango au barabara, na hivyo mume akifika asilazimike kusubiri. Huyu wa pili asipopokea simu, mke humpigia wa tatu na kubadilisha mpangilio wa njia, kisha humtumia mume ujumbe wa sauti ambao atausikiliza akisimama. Nimewaona wahudumu wanaofanya yote haya peke yao, simu ikiwa imepachikwa ndani ya kofia ya usalama, mkono mmoja ukiwa kwenye usukani. Ni hatari kubwa kwao na kwa wengine. Katika familia hii mume hana sababu ya kuishika simu pikipiki ikiwa mwendoni, na usalama huo nao ni sehemu ya kazi ya mke ambayo haikuwahi kuandikwa popote.

Zipo pia safari ambazo mke mwenyewe hupanda nyuma, na mfano wake mkubwa ni keki. Keki ya siku ya kuzaliwa haivumilii boksi la pikipiki, hasa mtu akiyakumbuka matuta yaliyoko kuelekea Kondele. Inahitaji mapaja ya mtu na mikono miwili. Sheria ya trafiki inaruhusu abiria mmoja, na wote wawili wanatakiwa kuvaa kofia za usalama na majaketi yanayong’aa, jambo ambalo wao hulizingatia. Safari kama hiyo huhitaji watu wawili kuanzia mwanzo hadi mwisho, na wakati huo kona ya Jubilee hubaki bila mtu wa kupokea mizigo. Hata hivyo, kwa miezi mingi keki ilitozwa bei ileile ya jozi ya viatu.

Jambo la mwisho linalotawala siku yao ni Ziwa Victoria na mvua zake. Wakazi wa Kisumu wanazijua mvua za alasiri zinazokuja na radi, hasa katika miezi ya Machi hadi Mei, na udongo mweusi wa sehemu za chini za Nyalenda ukishalowa humshika mwendeshaji hadi kwenye vifundo vya miguu. Kwa hiyo mizigo ya mbali, ile ya Kisian na Mamboleo, ilikusudiwa kutoka asubuhi, na ile ya karibu na katikati ya jiji kubakizwa kwa saa za baadaye. Hiyo ndiyo ratiba ambayo mke aliiandika, na kuvunjwa kwake ndiko kulikozaa kisa hiki.

Alhamisi moja ya mvua kulikuwa na kifurushi cha viatu kutoka Nairobi kilichotakiwa kufika Mamboleo. Mke alimpigia mpokeaji saa nne asubuhi, naye akasema yuko nyumbani. Mume alifika huko saa tisa alasiri, mvua ikiwa imekwisha kumpiga, akakuta mlango umefungwa na simu haipokelewi. Alisubiri chini ya paa la duka, akarudi na mzigo. Muuzaji alipoarifiwa alikataa kulipia safari hiyo, akidai kwamba mteja hakupokea kitu na kwa hiyo hakuna huduma iliyotolewa. Jioni mume alimwambia mkewe, “Mama watoto, wewe ndiye uliyeniambia yule mtu yupo.” Mke akamjibu, “Baba watoto, alikuwepo saa nne. Wewe ulifika saa tisa.” Kauli zote mbili zilikuwa za kweli, na ndiyo maana hawakuweza kuumaliza ugomvi wao wenyewe.

Swali lililostahili kuulizwa ni kwa nini mzigo wa saa nne ulifika saa tisa. Jibu lilikuwa katika mambo ambayo mume hakuyaandika kwenye daftari, nami nilimwuliza kwa heshima, mbele ya mkewe, akayaeleza bila kuficha. Asubuhi ile alipita kwenye steji yake ya zamani, yaani kituo cha bodaboda, akapata abiria wa Nyamasaria, kisha abiria mwingine wa hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Alifanya hivyo kwa sababu pikipiki imechukuliwa kwa mkopo unaolipwa kila siku, na hesabu ya mizigo ya asubuhi ilimwonyesha kwamba malipo ya siku hiyo hayatatimia. Abiria hulipa papo hapo. Mizigo hulipa jioni, baada ya fedha za wauzaji kutenganishwa. Mkopo wa kila siku ulimsukuma kwa abiria, abiria wakamchelewesha, na kuchelewa kukavirudisha viatu mjini. Ukiufuata mnyororo huo hadi mwanzo wake, unafika kwenye ada ya upelekaji iliyokuwa ndogo mno kuweza kulipia mkopo.

Nitumie mfano wa hesabu kulieleza jambo hili, na namba zake ni za kufafanulia tu. Tuseme kuna mizigo mitano, kila mmoja ukitozwa shilingi 200, na kila safari hunywa petroli ya shilingi 60. Yote ikipokelewa, familia inabaki na shilingi 700 kabla ya mkopo, oili, tairi na chakula. Mzigo mmoja ukirudi na kupelekwa tena kesho yake bila malipo ya ziada, safari zinakuwa sita kwa mapato yaleyale, na kinachobaki ni shilingi 640. Muuzaji akikataa kabisa kulipa, kinachobaki kwa safari tano ni shilingi 500. Mzigo mmoja tu uliorudi umeondoa zaidi ya robo ya kilichokuwa kibaki, na mkopo wa siku haukupungua hata senti. Kwa mtazamo huu, simu ya dakika mbili ambayo mke huipiga asubuhi inaweza kuwa na thamani ya hadi shilingi 200 kila inapozuia safari ya bure. Hakuna kazi nyingine katika siku yao inayozalisha kiasi hicho kwa muda mfupi namna hiyo.

Sikutaka waliamini hilo kwa sababu mimi nimelisema. Daftari lao lenyewe lilikuwa na ushahidi bora zaidi. Miezi kadhaa kabla ya ugomvi, mke alikuwa amekwenda kwao Vihiga kwa matanga ya mama yake mdogo, akakaa huko hadi mazishi yalipokwisha. Katika siku hizo mume alifanya kazi zote mbili. Kurasa za kipindi hicho zina mwandiko wake, zina nafasi wazi nyingi, na zina mizigo iliyorudi ambayo ukilinganisha na wiki iliyotangulia na iliyofuata huhitaji kuwa mhasibu ili uone tofauti. Kuna siku mbili ambazo fedha za muuzaji mmoja zilitumwa kwa mwingine. Kuna pia siku ambayo mnunuzi alimwonyesha mume ujumbe wa malipo uliotengenezwa kwa udanganyifu, naye akaachia bidhaa kwa kuutazama ujumbe huo, ilhali mke huwa hafanyi hivyo bila kukagua salio. Tulipozisoma kurasa hizo kwa sauti, mume alinyamaza, kisha akamwambia mkewe neno kwa upole ambalo si langu kulisimulia. Naliheshimu sana jambo hilo, kwani wapo wanaume wengi ambao wangelifunga daftari.

Hapa naomba kusema wazi kile ninachokiamini. Kazi ya kupanga, kukumbuka na kupiga simu haionekani kwa sababu haichafui viatu wala haitoi jasho mbele ya watu. Aliyenyeshewa mvua anarudi nyumbani akiwa na alama za kazi mwilini. Aliyekaa kwenye kona ya fundi cherehani anarudi akiwa na sauti iliyokauka, kisha anaingia jikoni. Usiku, mume akishalala, mke ndiye anayewatumia wauzaji fedha zao mmoja mmoja na kulinganisha daftari na simu. Huyu ni mfanyakazi wa siku nzima na nusu, na katika hesabu yao alikuwa hana hata mstari mmoja.

Hilo lina uzito wa kisheria pia. Hati ya umiliki wa pikipiki itakapotoka mikononi mwa mkopeshaji itakuwa na jina la mume. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inautambua mchango usio wa fedha, ukiwemo utunzaji wa nyumba, malezi ya watoto na usimamizi wa biashara ya familia. Katiba ya 2010, katika ibara ya 45(3), inawapa mume na mke haki sawa wakati wa ndoa na inapovunjika. Hata hivyo, Mahakama ya Juu iliamua Januari 2023 kwamba usawa huo haumaanishi mali kugawanywa nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila upande unapaswa kuuthibitisha mchango wake. Hakuna kati yao anayefikiria kuachana, na sikuleta sheria hizi ili kuwatia shaka. Nilizileta kwa sababu pikipiki ni chombo cha hatari, na mjane ambaye jina lake halimo popote hujikuta akiwaeleza mashemeji, katikati ya msiba, kwamba alifanya kazi. Daftari lenye mwandiko wake, na malipo yanayoingia kwenye namba yake, ni ushahidi usiohitaji maelezo mengi.

Kuhusu ajali, hali yao ilinitia wasiwasi. Bima ya lazima, ile ya kumlinda mtu wa tatu chini ya Sura ya 405 ya sheria za Kenya, haimlipi mwendeshaji mwenyewe akivunjika mguu. Walikuwa wamejisajili katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya hospitali, tarehe 1 Oktoba 2024, lakini mchango ulikuwa umelegalega kwa sababu hakuna siku ambayo hesabu ilibakiza cha kuulipia. Kiwango cha chini cha mchango ni shilingi 300 kwa mwezi. Tuliuingiza katika gharama za pikipiki, mahali pamoja na oili na breki, kwa kuwa mwili wa mwendeshaji huchakaa pamoja na chombo chake.

Mabadiliko waliyoyafanya baada ya hapo yalianza na bei. Ada sasa ina sehemu mbili: ya mwendo, inayotegemea njia, na ya maandalizi, isiyobadilika, ambayo inalipia simu, upangaji na utunzaji wa fedha. Mzigo unaorudi kwa kosa la mpokeaji hulipiwa nusu ya ada, na wa kurudishwa mara ya pili hulipiwa ada kamili. Keki hulipiwa kama safari ya watu wawili. Zaidi ya hayo, waliacha kuifanya ada kuwa kitu kisichoguswa. Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli hutangaza bei mpya za mafuta tarehe 14 ya kila mwezi, na ilikuwa ajabu kwangu kuona kwamba petroli imepanda na kushuka mara nyingi ilhali ada yao imesimama palepale. Sasa hukaa chini kila tarehe 15 na kuamua kama ada ya mwendo ibaki au isogezwe.

Wauzaji wengine waliondoka, na hilo lilitarajiwa. Mmoja alimwambia mke kwamba hawezi kulipia “simu tu” wakati kijana wa pikipiki anapatikana kwa bei ya chini. Baadhi yao walirejea baada ya muda, wengine hawakurejea, na familia ilipita kipindi kigumu ambacho mume alilazimika kubeba abiria zaidi nyakati za jioni. Wauzaji waliobaki ni wale ambao wateja wao wako mbali au bidhaa zao ni za thamani, watu wanaojua kwamba mzigo uliopotea unagharimu kuliko ada. Kwa upande wa abiria, walikubaliana kwamba mume asipite kwenye steji kabla ya mizigo ya mbali kufika. Makubaliano hayo yanashikika tu kwa sababu ada mpya inafikia malipo ya mkopo siku nyingi za wiki; kama isingefikia, ahadi hiyo ingevunjika, na nisingeweza kumlaumu.

Kila jioni, baada ya fedha za wauzaji kuondolewa na mkopo kulipwa, kinachobaki hugawanywa: sehemu ya nyumba, sehemu ya pikipiki, na sehemu mbili zinazolingana, moja ikiingia kwenye namba ya mume na nyingine kwenye namba ya mke. Mume alikuwa na pingamizi mwanzoni. Hoja yake ilikuwa kwamba fedha za mke ni za nyumba hata hivyo, na kwamba kugawana kunaonekana kama kutoaminiana. Mke alimjibu kwamba fedha za mume nazo ni za nyumba, na bado zinaingia kwenye namba yake. Sikuongeza neno.

Kuna uamuzi wao mmoja ambao sikubaliani nao. Waliiacha biashara ya samaki wa Dunga, wakisema ndoo inawachelewesha na harufu huhatarisha nguo. Mimi naona walikosea. Wateja wale wa Milimani na zile hoteli mbili walikuwa walewale kila wiki, walijulikana milangoni, hawakuhitaji simu za kuwatafuta, na walilipa asubuhi, saa ambayo mkopo unawasumbua zaidi. Tatizo la harufu lingeweza kutatuliwa kwa boksi la pili. Nimewaambia hivyo, nao wamesema watafikiria; ni riziki yao na uamuzi ni wao.

Vilevile nimemsifu mke kwa jambo alilolifanya hata kabla sijafika. Daftari lake lina namba za simu na maelekezo ya milango ya mamia ya watu, wengi wao wanawake wanaoishi peke yao. Wamekuja wanaume wakitaka “namba ya yule dada wa Migosi”, wengine wakijidai jamaa, na amewakatalia wote. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 iko upande wake, ingawa yeye aliongozwa na dhamiri tu. Biashara yao ikikua na kuwa kampuni ya vifurushi watahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na uangalifu wa namna hii utawafaa.

Jambo lililo mezani sasa ni chombo cha pili. Mume anataka pikipiki nyingine itakayoendeshwa na mdogo wake. Mke anataka tuktuk, yaani bajaji ya magurudumu matatu, ambayo Kisumu imeizoea, inayofunika mzigo wakati wa mvua na kubeba keki bila kuhitaji mapaja ya mtu. Mimi naegemea upande wa mke, kwa sababu moja zaidi: leseni ya daraja la A3, inayohusu bodaboda, wapeleka vifurushi na vyombo vya magurudumu matatu, ingemruhusu aendeshe mwenyewe, na siku mume akiugua biashara isingesimama. Bei ya tuktuk ni kubwa kuliko ya pikipiki, na hawataki kuingia mkopo wa pili kabla wa kwanza haujakwisha. Kwa sasa mke ameanza kuweka akiba ya ada ya chuo cha udereva kutoka katika sehemu yake ya jioni, na ameitengea ukurasa wake nyuma ya daftari.